Gari lisilochaji pwani ya Mtwara: Altaneta iwe mshukiwa wa mwisho

Na Mwandishi Wetu, Mtwara

MAGARI yanayovuta kwa magurudumu yote manne ndiyo yanayobeba shughuli nyingi za pwani ya kusini, kuanzia Mtwara mjini na Mikindani hadi Madimba, Msimbati na vijiji vilivyo kando ya maingilio ya Mto Ruvuma.

Hayo ndiyo yanayowachukua wagonjwa kuwapeleka Hospitali ya Ligula, watumishi wa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, wanunuzi wa korosho msimu unapofunguliwa, na wafanyakazi wa gesi asilia.

Magari hayo yana ugonjwa mmoja unaojirudia. Asubuhi dereva anazungusha ufunguo, stata inatoa mlio hafifu, taa za dashibodi zinafifia na injini haigeuki. Mjini vijana wataitwa, gari litasukumwa na safari itaanza.

Ufukweni Msimbati mambo ni tofauti. Wakati wa bamvua, maji yaliyojaa na yaliyokupwa hupishana kwa zaidi ya mita tatu, na mchanga uliokuwa mkavu saa sita zilizopita huwa chini ya bahari. Gari la tani mbili halisukumwi mchangani, na lile lenye gia za otomatiki halisukumwi popote likawaka.

Hukumu inayotolewa gereji kwa haraka ni kwamba altaneta imekufa. Mwenye gari anaagiza nyingine kutoka Kariakoo, Dar es Salaam, umbali wa takriban kilometa 560, inafungwa, na baada ya wiki mbili gari linagoma vilevile. Fedha zimekwenda na kasoro imebaki.

Makala haya yanaeleza kwa nini katika ukanda huu altaneta mara nyingi haina hatia, na jinsi mmiliki au fundi anavyoweza kuthibitisha hivyo kwa mita ndogo ya umeme, ile ambayo mafundi wengi huiita testa, kabla ya kutoa shilingi hata moja kununua kifaa kipya.

Mfumo wenyewe

Betri ya gari haizalishi umeme, bali huuhifadhi. Ile ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti 2.1 hivi kinapokuwa kimejaa. Kazi yake kubwa ni kuizungusha stata kwa sekunde chache. Injini ikishawaka, altaneta inayozungushwa na mkanda hulisha taa, redio, feni na vinginevyo, na kurudisha betrini kile kilichotumika.

Ndani ya altaneta mna koili inayozunguka, nayo hupokea umeme kidogo kupitia vipande viwili vya kaboni ili iwe sumaku. Koili za pembeni huzalisha umeme unaogeuka mwelekeo, kisha dayodi huunyoosha uwe wa mwelekeo mmoja unaofaa betri. Kidhibiti, au regyuleta, huangalia volti zisipungue wala kuzidi.

Umeme uliozalishwa hupita katika waya mnene hadi kichwa chanya cha betri, aghalabu kupitia fyuzi kubwa, na kurudi kutoka kichwa hasi kupitia bodi na waya wa ethi. Njia ya kurudi ina uzito sawa na ile ya kwenda. Hapo ndipo mafundi wengi hawatazami, na hapo ndipo chumvi huanza kazi yake.

Chumvi hula nyaya kabla ya altaneta

Miezi ya kusi upepo hutoka baharini na kubeba matone madogo ya maji ya chumvi hadi mbali na ufukwe. Gari linaloegeshwa Shangani au Mikindani hupokea chumvi hiyo usiku kucha hata kama halijawahi kukanyaga mchanga wa Msimbati. Lile linalopita katika madimbwi ya maji ya bahari hupata zaidi, kwa kuwa maji hurushwa hadi chini ya boneti na kwenye fremu ambako nyaya za ethi hufungwa.

Chumvi iliyochanganyika na unyevu hutengeneza kutu kati ya waya na bodi. Kwa macho boliti inaonekana imekaza, lakini chini yake mna utando unaozuia umeme. Wakati mwingine kutu huingia ndani ya mpira wa waya na kuigeuza shaba kuwa unga wa kijani, huku nje waya ukionekana mzima.

Hesabu yake ni nyepesi. Ikiwa altaneta inatoa ampea 50 na njiani pana ukinzani wa omu 0.02 tu, volti moja nzima hupotea. Altaneta inayotoa volti 14.2 itaifikishia betri volti 13.2, ambazo haziwezi kuijaza. Volti hiyo iliyopotea haipotei bure: hugeuka joto la wati 50 mahali penye kutu, karibu sawa na taa moja ya mbele. Kiungo cha waya kinachounguza kidole baada ya safari tayari kimejitaja.

Betri isiyojazwa kikamilifu kwa miezi hufa mapema. Salfa hugandamana juu ya sahani zake za risasi na kuwa ngumu, hata ikija kuchajiwa vizuri haipokei tena. Joto nalo huongeza balaa. Wataalamu wa betri hukadiria kwamba kila joto linapopanda kwa takriban nyuzi 10 za Selsiasi juu ya nyuzi 25, umri wa betri hupungua karibu nusu, na chini ya boneti za Mtwara mchana nyuzi 25 hazipo kabisa.

Anza na betri yenyewe

Kipimo cha kwanza hufanywa asubuhi, gari likiwa limelala bila kuguswa. Mita huwekwa kwenye vichwa vya betri. Volti 12.6 au zaidi kidogo maana yake betri imejaa. Volti 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni robo tu. Anayepima mara baada ya safari atadanganyika, kwani betri iliyotoka kuchajiwa huonyesha volti za juu zisizo na nguvu nyuma yake. Kama hakuna muda wa kusubiri, taa kubwa ziwashwe kwa dakika moja au mbili, zizimwe, kisha ipimwe.

Cha pili, mtu mmoja azungushe ufunguo huku mwingine akitazama mita. Betri nzima iliyojaa haishuki chini ya volti 9.6 wakati stata inafanya kazi. Ikianza na volti 12.5 kisha ikaanguka hadi 8 au 7, betri hiyo imechoka, na altaneta mpya haitaifufua. Lakini ikiwa volti zinabaki juu ya 11 na stata bado haigeuki, betri haina kosa. Umeme unazuiwa kwenye nyaya, au stata yenyewe ndiyo mbovu.

Kwa betri zenye vifuniko vinavyofunguka, haidromita husema kweli zaidi ya mita. Chumba kilichojaa huonyesha takriban 1.26 hadi 1.28, ingawa baadhi ya betri zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi za joto hutiwa asidi hafifu zaidi, karibu na 1.24. La kutazama ni tofauti baina ya vyumba. Chumba kimoja kikipungua kwa 0.05 kulinganisha na vingine, betri hiyo inaelekea mwisho.

Hapa inafaa kugusia jambo la maji. Wapo wanaojazia betri maji ya bomba au ya kisima kwa sababu ya maji ya betri kukosekana dukani siku hiyo. Visima vingi karibu na bahari vina chumvi, na chumvi ndani ya betri huharibu sahani haraka. Vilevile anayeongeza asidi badala ya maji ya betri anaharibu uwiano, kwani kinachopotea kwa joto ni maji, asidi hubaki.

Kisha injini iunguruме? La, soma taa kwanza

Madereva wengi wanajua kwamba taa nyekundu yenye picha ya betri ikibaki inawaka baada ya injini kuwaka, gari halichaji. Wachache wanajua kinyume chake. Ufunguo unapozungushwa kabla ya kuwasha injini, taa hiyo inapaswa kuwaka. Isipowaka kabisa, hiyo nayo ni dalili.

Katika magari mengi ya zamani, yakiwemo Land Rover Defender, umeme mdogo unaoamsha sumaku ya altaneta hupitia kwenye balbu ya taa hiyo. Balbu ikiungua, au waya wake mwembamba ukikatika kwa kutu, altaneta nzima kabisa huzunguka bila kuzalisha chochote hadi pengine injini ikanyagwe sana. Balbu ya bei ya soda imewahi kuuzisha altaneta nyingi.

Baada ya hapo injini iwashwe na mita irudishwe kwenye vichwa vya betri. Injini ikikanyagwa kiasi cha mizunguko 2,000 kwa dakika, volti zinapaswa kuwa kati ya 13.8 na 14.4. Zikibaki 12.5 na kuendelea kushuka, hakuna chaji. Zikizidi 15, kidhibiti kimeharibika na betri inachemshwa: maji yake yataisha haraka, harufu ya mayai viza itasikika, na balbu zitaungua moja baada ya nyingine. Mwenye gari ambaye kila wiki anajazia maji ya betri asilaumu jua peke yake.

Magari yenye mfumo wa volti 24, ambamo betri mbili zimeunganishwa kwa kufuatana, husomwa kwa kuzidisha mara mbili: volti 25.2 gari likiwa limezimwa, na 27.6 hadi 28.8 likichaji. Baadhi ya Land Cruiser zina betri mbili lakini mfumo ni wa volti 12, kwa kuwa zimeunganishwa sambamba. Kuona betri mbili hakutoshi kujua ni mfumo upi. Pima kwanza, hasa kabla ya kubusti gari lingine, maana kuunganisha volti 24 kwenye gari la volti 12 kunaweza kuteketeza vifaa vyake vyote vya umeme.

Kipimo kinachookoa fedha

Ikiwa volti kwenye betri ni ndogo, bado altaneta haijahukumiwa. Injini iachwe ikizunguka kasi ileile, taa kubwa na feni ya kiyoyozi zikiwa zimewashwa ili umeme mwingi upite.

Ncha moja ya mita iwekwe kwenye boliti kubwa ya nyuma ya altaneta inakotokea waya mnene, na ncha ya pili kwenye kichwa chanya cha betri, yaani kwenye risasi yenyewe wala si kwenye kibano. Mita ikionyesha zaidi ya volti 0.3, umeme unapotelea kwenye waya huo, fyuzi kubwa au kibano. Ikionyesha volti nyingi kupindukia, fyuzi kubwa imekatika.

Kisha ncha moja iguse bodi ya altaneta na nyingine kichwa hasi cha betri. Hapa zaidi ya volti 0.2 ni kosa la ethi. Hiki ndicho kipimo ambacho katika gereji nyingi hakifanywi, na kwa gari la pwani ndicho cha kwanza ambacho mwandishi wa makala haya angedai kifanywe mbele ya macho yake.

Tiba yake ni kazi ya nusu saa. Betri ifunguliwe kwa kuanza na waya hasi. Vichwa na vibano vioshwe kwa maji ya moto yenye magadi, visuguliwe kwa brashi ya waya hadi ving'ae. Sehemu ethi inapofungwa kwenye fremu na kwenye injini ikwanguliwe rangi na kutu hadi chuma kionekane, boliti ikazwe, kisha pakwe grisi juu yake kuzuia unyevu. Grisi ipakwe baada ya kukaza. Waya ulioliwa ndani ubadilishwe wote. Kuukata na kuufunga tepu ni kuahirisha tatizo.

Mkanda, kaboni na breki

Mkanda uliolegea au uliosuguliwa na mchanga hadi ukawa laini huteleza. Hupiga kelele asubuhi gari linapowashwa, au taa kubwa zinapowashwa na altaneta kuwa nzito. Ukibonyezwa kwa kidole gumba katikati, ushuke takriban sentimeta moja. Injini zenye mikanda miwili pacha zibadilishwe yote kwa pamoja.

Ikiwa mkanda ni mzima, nyaya ni safi, taa ya dashibodi inafanya kazi na bado volti hazipandi, sasa altaneta ifunguliwe. Mara nyingi kinachokutwa ni kaboni zilizokwisha, kitu kidogo ambacho fundi wa umeme wa magari hubadilisha bila kuhitaji altaneta nyingine. Beringi iliyoingia mchanga nayo huunguruma na kubadilishwa peke yake.

Dayodi iliyoharibika hujulikana kwa kuweka mita upande wa umeme unaogeuka mwelekeo na kupima betri injini ikiwaka. Zaidi ya nusu volti ni dalili mbaya. Dayodi mbovu inaweza pia kunyonya betri usiku. Altaneta inayokutwa na uvuguvugu alfajiri wakati injini imelala baridi, hiyo ndiyo mwizi.

Kuna jambo moja linalogusa uhai moja kwa moja. Katika baadhi ya injini za dizeli za Toyota na Nissan, nyuma ya altaneta imefungwa pampu ya vakyumu inayosaidia breki. Sili ya pampu hiyo ikichoka, oili ya injini huingia kwenye kaboni na chaji hupotea. Kubadilisha kaboni bila sili ni kazi bure. Aidha, anayenunua altaneta ya mtumba isiyo na pampu akaifunga kwa kuwa matundu ya boliti yanalingana, atachaji betri vizuri na kukuta pedali ya breki imekuwa ngumu kama jiwe.

Betri inayokwisha usiku

Yapo magari yanayochaji vizuri na bado hayawaki baada ya kulala siku mbili. Hapo kuna kitu kinachokula umeme gari likiwa limezimwa: redio ya mawasiliano iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri, friji ya chanjo, king'ora, au taa ya ndani ya boksi. Magari ya miradi, ambayo wenyeji huyaita mashangingi, huathirika zaidi kwa sababu kila mradi huongeza chombo chake na waya wake.

Waya hasi hufunguliwa, mita iliyowekwa upande wa ampea hufungwa kati yake na betri, milango yote ikiwa imefungwa na ufunguo umetolewa. Kiasi cha kawaida hakizidi ampea 0.05. Ikiwa ni ampea moja, betri ya ampea-saa 70 itakauka ndani ya siku tatu. Fyuzi huchomolewa moja moja hadi namba ianguke. Usijaribu kuwasha injini mita ikiwa imefungwa hivyo, itaungua.

Mtindo wa kufungua betri injini ikiwaka

Bado wapo mafundi wanaopima altaneta kwa kufungua kibano cha betri injini ikinguruma: ikiendelea kuwaka, wanasema altaneta ni nzima. Mtindo huo ulitoka enzi za dinamo. Kwa altaneta, kuondoa betri ghafla huweza kurusha volti hadi makumi na kuua dayodi, kidhibiti na kompyuta ya gari kwa mara moja. Zaidi ya hayo, cheche karibu na betri inayochaji inaweza kulipua gesi ya haidrojeni. Kwa injini ya dizeli ya zamani jaribio hilo halithibitishi hata kidogo, kwani injini hiyo haihitaji umeme mwingi ili iendelee kuwaka. Mwenye gari ana haki ya kumzuia fundi.

Taa ikiwaka njiani

Taa ya chaji ikiwaka wakati gari lipo njiani kurudi kutoka Msimbati au Kilambo, kitu cha kwanza kutazamwa ni geji ya joto. Katika injini nyingi mkanda uleule huzungusha pampu ya maji, hivyo joto likianza kupanda mkanda umekatika na gari lisimamishwe mara moja, likiwa mahali pasipofikiwa na maji. Breki nazo zijaribiwe mapema kwa gari lenye pampu ya vakyumu kwenye altaneta.

Joto likiwa la kawaida na breki zikishika, kiyoyozi, redio na feni vizimwe, na injini isizimwe hadi mwisho wa safari. Dizeli yenye pampu ya kawaida ya mafuta inaweza kwenda mchana kutwa. Gari la petroli au dizeli linaloongozwa na kompyuta litaanza kukosa nguvu betri ikishuka. Usiku hesabu hubadilika, kwa sababu taa za mbele na za nyuma hula takriban ampea 10. Betri ya ampea-saa 70 iliyobakiwa na nusu itazilisha kwa saa mbili hadi tatu, muda unaotosha kufika Mtwara mjini kutoka kijiji chochote cha ukanda huo barabara zikiwa kavu, ila si wakati wa mvua za Desemba hadi Aprili, ambapo ni heri kulala kijijini na kuondoka alfajiri.